Kambi katika Nchi Isiyo Vitani: Kuwatafiti Wahandisi wa Jeshi la Uingereza

Utangulizi

Makala haya yanahusu kazi ambayo nimeifanya kwa vipindi kwa miaka kadhaa, nayo ni kuwafuatilia wahandisi wa jeshi la Uingereza waliowekwa katika nchi ambazo, wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, zilikuwa zimetangaza kutoegemea upande wowote. Wenzangu katika taaluma ya Kiswahili wameniuliza mara nyingi, wengine kwa mzaha na wengine kwa nia ya kunirudi, mtu wa lugha ana nini na zege, kokoto na viwanja vya ndege vya Iceland. Swali hilo ni la haki. Nitajaribu kulijibu kwa kueleza nilichokitafuta, mahali nilipokitafuta, na sababu inayonifanya niamini kwamba utafiti wa aina hii haukamiliki bila ya mtu wa lugha. Sababu yangu ya kwanza ni ya nyumbani kwetu, nami nitaieleza katika sehemu inayohusu Misri.

Hoja yangu kuu ni rahisi kuitaja. Kutoegemea upande hutangazwa kwa maneno, lakini huvunjwa, hukodishwa au hufichwa kwa udongo, mawe na saruji. Kwa hiyo, anayetaka kujua vita viliifanya nini nchi isiyopigana asitosheke na matamko ya mawaziri. Aangalie kilichojengwa, aulize nani alikijenga, kisha asikilize wenyeji walikipa jina gani.

Sheria na istilahi

Mkataba wa Tano wa The Hague, uliotiwa saini tarehe 18 Oktoba 1907, unatamka katika kifungu chake cha kwanza kwamba ardhi ya dola isiyo vitani haiingiliwi. Kifungu cha pili kinazikataza dola zinazopigana kupitisha majeshi au misafara ya silaha na chakula katika ardhi hiyo. Kifungu cha tatu ndicho kilichonishughulisha zaidi, maana kinazikataza dola hizo kusimika humo kituo cha simu ya upepo au chombo kingine chochote cha kuwasiliana na majeshi yao. Yaani, waliotunga sheria walijua kwamba hatari haiji na bunduki peke yake, bali huja pia na nguzo, mlingoti na waya. Walimwona mhandisi kabla hajafika.

Katika Kiswahili tuna namna zaidi ya moja ya kuitaja hali hii. Tunasema nchi haiegemei upande wowote. Tunasema pia haifungamani na upande wowote. Usemi huu wa pili tumeuzoea zaidi, kwa sababu ulikuwa lugha ya siasa zetu baada ya uhuru, na kwa sababu ya umoja wa nchi zilizokutana Belgrade mwaka 1961. Hata hivyo, maneno haya mawili hayasemi jambo moja. Kuegemea ni jambo la mwili: mtu huegemea ukuta au mti, na akitaka husimama wima tena. Kufungamana ni jambo la kamba, nalo huhitaji wawili. Nchi yaweza kukataa kufungamana kwa miaka mingi huku imeegemea, na yaweza pia kufungwa kwa mkataba bila ya kuegemea kwa moyo.

Lugha za nchi nilizozitafiti zina njia zake. Watu wa Iceland husema «hlutleysi», neno ambalo viungo vyake vina maana ya kukosa sehemu au fungu katika jambo. Waturuki husema «tarafsızlık», yaani hali ya kukosa upande. Na ndani ya neno hilo mna «taraf» ya Kiarabu, ambayo sisi tunayo katika neno tarafa. Mkulima wa kwetu anayetaja tarafa yake na balozi wa Kituruki anayetetea msimamo wa nchi yake mwaka 1941 wanatumia shina moja la neno. Jambo hili ni dogo, lakini linatukumbusha kwamba upande ni ardhi kabla haujawa maoni.

Iceland: nchi bila jeshi

Iceland ilitambuliwa kuwa dola yenye mamlaka yake tarehe 1 Desemba 1918, chini ya mfalme mmoja na Denmark. Sheria ya muungano ya mwaka huo iliitaka Denmark iyajulishe mataifa kwamba Iceland haitaegemea upande wowote daima na kwamba haina bendera ya kivita baharini. Haikuwa na jeshi. Ujerumani ilipoikalia Denmark tarehe 9 Aprili 1940, Uingereza iliitaka Iceland ikubali ulinzi wake. Serikali ya Reykjavík ilikataa na kuurudia msimamo wake.

Alfajiri ya tarehe 10 Mei 1940, wanamaji wa Kiingereza wapatao 746, wakiongozwa na Kanali Robert Sturges, walishuka katika bandari ya Reykjavík. Hakuna risasi iliyofyatuliwa. Waziri Mkuu Hermann Jónasson na serikali yake walipeleka malalamiko rasmi kwamba haki ya nchi yao imevunjwa, na papo hapo wakawataka wananchi wawatendee askari hao kama wageni. Waingereza nao waliahidi kulipa fidia, kutoingilia mambo ya ndani, na kuondoka vita vitakapokwisha. Baada ya wiki moja wanajeshi wa nchi kavu walianza kuchukua nafasi ya wanamaji, na hatimaye idadi yao ilifikia takriban 25,000, katika nchi yenye watu wapatao 120,000 tu.

Wahenga walisema wapiganapo tembo, nyasi huumia. Kisa cha Iceland kinaipa methali hii sura nyingine: tembo mmoja alikuja kusimama juu ya nyasi ili tembo mwenzake asizifikie, na nyasi zikatakiwa zishukuru. Simdharau anayesema kwamba Wajerumani wangekuja kwa namna mbaya zaidi. Ninachosema ni kwamba nyasi hazikuulizwa, na kwamba tangu siku hiyo historia ya kutoegemea kwa Iceland iliandikwa kwa sururu na koleo.

Kazi kubwa kuliko zote mjini Reykjavík ilikuwa kiwanja cha ndege, kilichoanza kujengwa mwezi Oktoba 1940 mahali paitwapo Vatnsmýri. Jina lenyewe linaonya, kwa kuwa maana yake ni kinamasi cha maji. Ili ndege nzito zitue juu ya kinamasi ilibidi kifukiwe, na kifusi kilitoka sehemu mbalimbali, ikiwamo Rauðhólar, vilima vyekundu vilivyo nje kidogo ya mji, ambavyo vilitokea zamani za kale volkeno ilipomwaga moto wake juu ya ardhi yenye maji. Vilima hivyo vilichimbwa na kupakiwa katika malori hadi sura yake ikabadilika. Mwaka 1961 vilivyosalia vilihifadhiwa kwa sheria. Mtu anayevitembelea anaona mashimo, na anayetua kwa ndege mjini anapita juu ya vilima vile vile vilivyolazwa chini.

Mfano mwingine ni Kaldaðarnes, kando ya mto Ölfusá. Kutoka kiwanja hicho iliruka ndege ambayo tarehe 27 Agosti 1941 iliilazimisha nyambizi ya Kijerumani U-570 kusalimu amri. Ushindi huo umeandikwa katika vitabu vingi. Ambalo halitajwi sana ni kwamba mwezi Machi 1943 mto ulifurika na kukiharibu kiwanja hicho kabisa, nacho hakikutumika tena. Mto huo haukuwa na upande katika vita, na kwa siku chache ulifanya kazi ambayo adui hakuifanya kwa miaka mitatu.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Kazi hizi zilihitaji mikono mingi kuliko ile ya wahandisi, na maelfu ya wenyeji waliajiriwa. Ukosefu wa kazi, ambao ulikuwa umeitesa nchi katika miaka ya 1930, ukatoweka. Wenyeji waliiita ajira hiyo «bretavinna», yaani kazi ya Waingereza. Neno hilo halilaani wala halisifu. Linasema tu kazi ilikuwa ya nani, na kwa kufanya hivyo linasema pia haikuwa ya nani. Neno la pili ni «braggi», lililotokana na neno la Kiingereza la kambi ya askari, nalo lilitumika kwa yale mabanda ya mabati yenye umbo la pipa lililokatwa nusu kwa urefu na kulazwa chini. Mabanda hayo yalibuniwa mwaka 1916 na Meja Peter Norman Nissen wa Wahandisi wa Kifalme, katika vita vilivyotangulia. Sifa yake ilikuwa wepesi: watu sita waliweza kulisimamisha banda moja kwa muda wa saa nne.

Kilichosimamishwa kwa saa nne kilidumu zaidi ya vita. Watu wengi walikuwa wamehamia mjini kutafuta kazi, nyumba hazikutosha, na askari walipoondoka familia zikaingia katika mabanda yao. Katika miaka ya 1950 zaidi ya watu 2,000 wa Reykjavík walikuwa bado wakiishi humo, na watoto waliokulia humo walidharauliwa shuleni na mitaani. Mwaka 1983 mwandishi Einar Kárason alichapisha riwaya iliyojengwa juu ya maisha ya mabanda hayo, na tangu hapo fasihi ya nchi hiyo imeyapa nafasi ambayo hati za jeshi haziwezi kuyapa. Kiwanja cha ndege nacho kilikabidhiwa serikali ya Iceland mwaka 1946. Mwezi Machi 2001 wakazi wa mji walipiga kura juu ya kukihamisha, na waliotaka kihamishwe walishinda kwa tofauti ndogo sana, lakini hadi leo ndege za safari za ndani zinatua hapo hapo.

Shajara na safu zake

Mtafiti wa wahandisi hawa huanza safari yake Kew, jijini London, katika Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka za Uingereza, ambako shajara za vita za vikosi zimehifadhiwa. Jumba la makumbusho la Wahandisi wa Kifalme liko Gillingham, katika jimbo la Kent. Nilizikabili shajara hizi kama ninavyozikabili tenzi za kale: niliuliza kwanza umbo lake linaruhusu nini na linazuia nini.

Shajara ya vita iliandikwa katika fomu ya jeshi yenye namba C.2118. Fomu hiyo ina safu za mahali, tarehe na saa, kisha safu pana ya muhtasari wa matukio, na mwisho safu ya marejeo ya viambatisho. Mwandishi wake alikuwa ofisa aliyechoka, akiandika jioni, mara nyingi kwa vifupisho. Hali ya hewa imo. Mawe yamo, na saruji, na lori lililoharibika. Siku ambayo hapakuwa na jambo inaandikwa kwamba hapakuwa na jambo. Kwa uaminifu huo mdogo mdogo, shajara ya wahandisi ni shahidi bora kuliko hotuba nyingi.

Hata hivyo, hakuna safu ya kuandika kama mwenye shamba alikubali. Hakuna safu ya lugha ambayo msimamizi alitumia alipompa mwenyeji amri, wala ya jinsi mwenyeji alivyoijibu. Wenyeji huonekana kama idadi: wangapi waliitwa, wangapi walikuja. Mtafiti anayetosheka na fomu hii atajua urefu wa barabara lakini hatajua iliitwaje na waliopita juu yake. Kwa sababu hiyo nimejiwekea kanuni ya kusoma mambo matatu kwa pamoja, nayo ni shajara, ardhi yenyewe, na msamiati uliobaki vinywani mwa watu. Shajara hunipa tarehe, ardhi hunionyesha kama shajara ilisema kweli, na msamiati hunipa hukumu ya wale ambao hawakuwa na fomu.

Azores na Uturuki: mkataba na mavazi

Iceland ilivunjiwa haki yake wazi wazi. Ureno ilifuata njia nyingine. Salazar hakutaka kuingia vitani, lakini Waingereza walikihitaji kisiwa katikati ya Atlantiki ili ndege zao ziwasake nyambizi. Makubaliano yalifikiwa tarehe 17 Agosti 1943, na tarehe 8 Oktoba majeshi ya Uingereza yalishuka katika kisiwa cha Terceira, mojawapo ya visiwa vya Azores. Siku nne baadaye Churchill aliliambia bunge lake kwamba msingi wa jambo hilo ni mkataba wa urafiki baina ya Uingereza na Ureno wa mwaka 1373. Mkataba uliotungwa wakati wa pinde na mishale ukatumika kuhalalisha njia ya kurukia ndege iliyotandikwa mabamba ya chuma yenye matundu huko Lajes.

Ureno iliendelea kuwa nje ya vita, na kwa hiyo Msumbiji nayo, jirani yetu ng'ambo ya mto Ruvuma, ilibaki nje ya vita hadi mwisho. Jambo hili linafaa kukumbukwa na msomaji wa huku kwetu: mpaka baina ya nchi inayopigana na nchi isiyopigana haukuwa mbali nasi kama tunavyodhani.

Njia ya Uturuki ilikuwa ya tatu, nayo ndiyo inayomtaabisha mtafiti zaidi. Uturuki ilitia saini mkataba na Uingereza na Ufaransa tarehe 19 Oktoba 1939, lakini haikuingia vitani. Katika miaka iliyofuata wahandisi wa Kiingereza walishiriki humo katika ujenzi wa viwanja vya ndege na njia za mawasiliano, wakiwa wamevaa nguo za kiraia. Churchill alipokutana na Rais İsmet İnönü katika behewa la gari moshi huko Yenice, karibu na Adana, tarehe 30 na 31 Januari 1943, viwanja hivyo vilikuwa miongoni mwa mambo yaliyoupa mkutano huo uzito. Je, Wajerumani hawakujua? Balozi wao, Franz von Papen, alikuwa Ankara muda wote huo, na kiwanja cha ndege si kitu cha kufichwa chini ya shuka. Kwa maoni yangu, nguo za kiraia hazikuvaliwa ili kumdanganya adui. Zilivaliwa ili kila upande uweze kuendelea kusema kwamba haujaona. Mtafiti anayetafuta sare katika picha za Anatolia hatapata kitu, na hana budi kujifunza kumtambua askari kwa kazi yake.

Misri, na Payonia wa kwetu

Sasa naifikia ile sababu ya nyumbani. Babu yangu mzaa baba alikuwa mmoja wa vijana wa Tanganyika waliochukuliwa na kuingizwa katika Payonia, yaani vikosi vya kazi vya Afrika Mashariki, na kupelekwa Misri. Kazi yao, kwa maelezo yake, ilikuwa kupakua shehena, kuvunja mawe na kuchimba mitaro ya mabomba, mara nyingi chini ya amri ya wahandisi wa Kiingereza. Nyumbani kwetu ilisemwa siku zote kwamba babu alikwenda kupigana Misri. Baba alipomuuliza Misri ilikuwa ikipigana na nani, mzee alijibu: «Misri haikuwa ikipigana, mwanangu. Sisi ndio tuliokuwa tukipigana Misri.» Tulidhani ni utani wa wazee. Miaka mingi baadaye nilipoisoma historia ya nchi hiyo nikaona kwamba alikuwa ameeleza sheria ya mataifa kwa sentensi mbili.

Kwa hakika Misri haikuwa vitani. Mkataba wake na Uingereza wa tarehe 26 Agosti 1936 uliwaruhusu Waingereza kuweka wanajeshi 10,000 wa nchi kavu katika eneo la Mfereji wa Suez wakati wa amani, na uliitaka Misri, vita vikitokea, iwape bandari zake, viwanja vyake vya ndege na njia zake za mawasiliano. Mkataba huo huo ulizungumzia barabara na kambi zitakazojengwa. Septemba 1939 Misri ilikata uhusiano na Ujerumani, lakini haikutangaza vita. Italia ilipoivamia mwezi Septemba 1940, bado haikutangaza. Vita vya El Alamein vilipopiganwa ndani ya mipaka yake mwezi Oktoba na Novemba 1942, bado haikutangaza. Ilitangaza mwezi Februari 1945, na Waziri Mkuu Ahmad Mahir aliuawa bungeni tarehe 24 ya mwezi huo, mara tu baada ya kulisoma tamko lenyewe.

Upande wa pili wa jambo hili ni hati nyingine, nayo inatuhusu sisi. Tanganyika haikuwa koloni la kawaida. Ilikuwa nchi ya udhamini iliyokabidhiwa Uingereza na Shirikisho la Mataifa, na hati ya udhamini ya mwaka 1922, katika kifungu chake cha nne, ilimkataza mdhamini kuunda jeshi la wenyeji isipokuwa kwa ajili ya polisi wa ndani na ulinzi wa nchi yenyewe. Mtetezi wa serikali ya wakati ule atasema kwamba Tanganyika ilikuwa ikilindwa huko huko Misri, kwa kuwa Waitalia walikuwa Ethiopia na Somalia. Hoja hiyo ina uzito wake kwa mwaka 1940. Lakini Waitalia wa Ethiopia walikwisha kushindwa kabla mwaka 1941 haujamalizika, na Payonia wakaendelea kuwako jangwani.

Basi tutazame hali ya mtu huyu. Hati moja inasema nchi alimofanya kazi haimo vitani. Hati ya pili inasema nchi alimotoka haiwezi kumtoa kwa vita vya mbali. Kwa mujibu wa karatasi zote mbili hakupaswa kuwapo alipokuwapo. Lakini mtaro ulichimbwa, na maji yakapita. Yule anayetaka kuthibitisha kwamba babu yangu alikuwako hana budi kuutafuta mtaro, kwa sababu sheria haitamsaidia.

Kazi za wahandisi katika jangwa hilo hazikuwa za kujenga tu. Pande zote mbili zilifukia mabomu ya ardhini, na wahandisi wa Uingereza walilazimika pia kupasua njia kati ya mabomu ya adui, wakitumia chombo cha kunusia chuma kilichobuniwa na ofisa wa Kipolandi, Józef Kosacki. Vita vilihama, mabomu yakabaki. Yanakadiriwa kuwa mamilioni hadi leo katika Jangwa la Magharibi, na yameua na kulemaza wafugaji wa Kibedui ambao babu zao hawakutangaza vita na mtu. Anayetaka kupima thamani ya maneno kutoegemea upande aende akapime hapo.

Hitimisho

Katika mkutano wa Yalta wa Februari 1945 wakubwa watatu waliamua kwamba nchi zitakazokuwa zimetangaza vita dhidi ya maadui kufikia tarehe 1 Machi ndizo zitakazoalikwa San Francisco kuanzisha Umoja wa Mataifa. Uturuki ilitangaza tarehe 23 Februari, na Misri ikafuata siku chache hizo hizo. Iceland, ambayo tangu 17 Juni 1944 ilikuwa jamhuri, ilikataa. Nchi iliyokuwa imekaliwa na askari wa kigeni tangu 1940, iliyochimbwa vilima na kufukiwa kinamasi, ilisema haiwezi kumtangazia mtu vita kwa kuwa haina jeshi wala nia. Ilijiunga na Umoja wa Mataifa mwezi Novemba 1946. Katika nchi mbili za kwanza maneno hatimaye yaliifuata saruji. Katika nchi ya tatu watu walikataa saruji iwasemee.

Kutokana na mifano hii ninatoa mambo mawili. La kwanza, kutoegemea upande si sifa ya nchi iliyo moja kila mahali. Ni majadiliano ya kila siku baina ya mwenye nchi na mgeni mwenye koleo, na majibu yake hupatikana ardhini. La pili, kumbukumbu za mgeni zina safu zake, na mambo yasiyo na safu huhifadhiwa na lugha ya wenyeji au hupotea. Neno «bretavinna» limewafaa watu wa Iceland kwa sababu wataalamu wao walilikusanya, wakaliingiza katika kamusi, na waandishi wao wakaligeuza fasihi.

Sisi tuna kazi yetu. Maneno kama kombania, kuruti, koplo na depo yamo katika kamusi zetu, na kila mtu anajua yalitoka jeshini. Lakini msamiati wa Payonia wenyewe haujakusanywa inavyostahili: majina waliyoyapa mabwawa ya maji, aina za mawe, wasimamizi wao, Waarabu waliofanya kazi nao na nchi ambayo haikuwa vitani. Waliokuwa na maneno hayo wamekwisha kutangulia karibu wote. Watoto wao, ambao sasa ni wazee, wanayo baadhi, pamoja na nishani zilizofungwa katika vitambaa na barua chache zilizonusurika mchwa. Idara zetu zina wanafunzi wanaokwenda makwao kila likizo. Wapewe daftari, waelekezwe maswali matano au sita ya kuuliza, na swali la kwanza liwe lile ambalo fomu C.2118 haikuwa na safu yake: kazi hiyo ninyi mliiitaje?